Everton FC: Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu historia na utambulisho wa klabu

Haya ni maswali ambayo shabiki wa Everton huulizwa kila wikiendi kwenye kibanda umiza, pamoja na yale ambayo mashabiki wa Everton huulizana wenyewe. Tumeanza na mambo ya msingi, kisha tukaenda kwenye yale yenye ubishi. Kila jibu linajitegemea. Pale jambo linapokuwa limeelezwa kwingine, tumeweka namba ya swali ili usisome kitu kilekile mara mbili.

## Mambo ya msingi

1. Everton ni timu ya wapi?

Ni timu ya jiji la Liverpool, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Everton ni jina la mtaa ulioko kwenye mwinuko, kaskazini ya katikati ya jiji hilo. Wengi huku kwetu wakisikia neno Liverpool, akili inakimbilia kwenye jezi nyekundu tu. Jiji hilo lina timu kubwa mbili, na iliyotangulia kuzaliwa ni ya bluu.

2. Ilianzishwa lini, na nani?

Mwaka 1878, na vijana wa kanisa la Kimethodisti la St Domingo. Vijana hao walikuwa wakicheza kriketi wakati wa kiangazi, na baridi ikiingia wakakosa mchezo. Ndipo wakaanzisha timu ya soka, ikiitwa St Domingo kama kanisa lao, wakicheza katika bustani ya umma ya Stanley Park. Kiwanja hicho hakikuwa na ukuta wala tiketi.

Timu haikukaa muda mrefu kabla watu wasio waumini wa kanisa hilo kutaka kujiunga. Mwezi Novemba 1879 wakakutana kwenye hoteli ya Queen's Head na kuibadilisha jina: kutoka jina la kanisa kwenda jina la mtaa. Uamuzi huo una uzito mkubwa kuliko unavyoonekana. Tangu siku hiyo klabu ikawa ya yeyote anayeishi pale, awe wa dini gani.

Miaka 9 baadaye, mwaka 1888, Everton ilikuwa miongoni mwa timu 12 zilizoanzisha Ligi ya Soka ya Uingereza, ligi ya kwanza ya soka duniani.

3. Ni kweli Everton ndiyo iliyoizaa Liverpool?

Ni kweli, na hapa ndipo tabia ya klabu hii ilipojengeka.

Everton ilihamia Anfield mwaka 1884. Naam, Anfield hiyohiyo. Uwanja ulipatikana kupitia John Houlding, mwenye kiwanda cha bia na mwanasiasa wa jiji, ambaye pia alikuwa rais wa klabu. Wachezaji walibadilishia nguo katika hoteli yake ya Sandon, hatua chache kutoka uwanjani, na haki ya kuuza vinywaji siku ya mechi ilikuwa yake. Watazamaji walivyozidi kuongezeka ndivyo kodi ya pango ilivyopanda, kutoka pauni 100 kwa mwaka hadi 250. Mwaka 1891 Everton ikatwaa ubingwa wake wa kwanza wa ligi ikiwa pale Anfield. Baada ya hapo Houlding akaja na mpango wa kuigeuza klabu kuwa kampuni itakayonunua ardhi yake na ya jirani yake.

Wanachama wakakataa. Aliyewaongoza alikuwa George Mahon, mpiga kinanda wa kanisa la St Domingo. Kwao haikuwa hesabu ya kodi peke yake. Kulikuwa na swali la nani mwenye klabu: anayemiliki ardhi, au watu wanaolipa ada na kusimama pembeni ya kiwanja? Mwaka 1892 wakafunga virago. Daktari mmoja, James Baxter, akawakopesha pauni 1,000 bila riba, wakapata kiwanja kibovu upande wa pili wa Stanley Park na kukijenga. Kiwanja hicho ndicho Goodison Park (swali la 15).

Houlding akabaki na uwanja usio na timu. Alijaribu kulichukua jina la Everton, lakini chama cha soka kikaamua kwamba jina ni mali ya wanachama walioondoka. Hivyo mwezi Machi 1892 akaanzisha timu mpya akaiita Liverpool. Ukimsikia shabiki wa Everton akisema "sisi tuliwaachia uwanja", haongezi chumvi. Ndivyo ilivyokuwa.

4. Kwa nini wanaitwa Toffees?

Kwa sababu ya pipi. Mtaa wa Everton ulijulikana kwa pipi za tofi hata kabla ya kuwa na timu ya soka, na karibu na viwanja vya mwanzo kulikuwa na maduka yaliyowauzia watazamaji pipi hizo. Duka lililotajika zaidi ni la Ma Bushell. Baadaye Mother Noblett naye akaja na pipi zake za mnanaa zenye mistari myeusi na myeupe. Desturi bado ipo: kabla ya mechi ya nyumbani binti aliyevaa mavazi ya zamani huzunguka uwanja na kikapu, akiwarushia mashabiki pipi majukwaani.

Majina mengine utakayosikia ni Blues, na "Klabu ya Watu", jina lililoshika baada ya kocha David Moyes kulitumia alipotambulishwa Machi 2002. Alikuwa amekuja jijini akaona kwamba watu anaokutana nao mitaani wengi wao ni wa Everton.

5. Everton imewahi kushuka daraja?

Mara mbili tu. Ilishuka mwaka 1930 na kurudi baada ya msimu mmoja, kisha ikashuka mwaka 1951 na kurudi 1954. Tangu 1954 haijawahi kutoka daraja la juu. Ukijumlisha tangu 1888, ni misimu 4 tu ambayo ligi ya juu imechezwa bila Everton, na hakuna klabu nyingine ya Uingereza iliyocheza misimu mingi zaidi katika daraja hilo.

Hiyo haina maana kwamba mambo yamekuwa shwari. Mwaka 1994, siku ya mwisho ya msimu, ilikuwa nyuma 2-0 dhidi ya Wimbledon ikashinda 3-2. Mwaka 1998 ilinusurika kwa sare na Coventry. Mei 2022 ilitoka tena nyuma 2-0, safari hii dhidi ya Crystal Palace, ikashinda 3-2 na mashabiki wakamwagika uwanjani. Mwaka uliofuata bao la Abdoulaye Doucouré dhidi ya Bournemouth, siku ya mwisho, ndilo lililowaokoa. Aliyeziangalia mechi hizo moja kwa moja hahitaji kuelezwa maana ya presha.

## Rangi, nembo na wimbo

6. Jezi imekuwa ya bluu siku zote?

Hapana. Mwanzoni wachezaji walikuja na jezi za timu walizotoka, na uwanjani hukujua nani ni nani. Suluhisho likawa kuzichovya zote kwenye rangi nyeusi na kuzishonea mshipi mwekundu kifuani. Baadaye zikaja jezi za rangi ya waridi iliyopauka, kisha nyekundu ya zabibu. Bluu ya sasa ilianza msimu wa 1901/02 na haijaondoka. Ndiyo maana mara mojamoja utaona jezi ya ugenini nyeusi au ya waridi: ni kumbukumbu, wala si ubunifu wa kampuni ya jezi.

7. Ule mnara kwenye nembo ni wa nini?

Ni mahabusu. Ni jengo dogo la mawe la mviringo lenye paa lililochongoka, lililojengwa mwaka 1787 kwenye mteremko wa Everton. Walevi na wahalifu wadogowadogo walilazwa humo usiku mmoja wakisubiri kufikishwa mbele ya hakimu. Bado lipo, na ukifika Liverpool unaweza kwenda kulitazama bila kulipa chochote. Theo Kelly, katibu wa klabu, ndiye aliyeliweka kwenye nembo mwaka 1938, akizungushia majani ya ushindi pande mbili.

Mwaka 2013 uongozi ulitoa nembo mpya iliyorahisishwa: mnara umechorwa upya, majani yameondolewa, na maneno ya Kilatini (swali la 8) yamefutwa. Zaidi ya mashabiki 20,000 walisaini ombi la kuipinga ndani ya muda mfupi. Klabu ikaomba radhi, na kwa kuwa jezi za msimu ule zilikuwa zimeshatengenezwa, ikaahidi nembo nyingine kwa msimu wa 2014/15. Mashabiki wakapewa michoro mitatu wapige kura, na uliorudisha kaulimbiu ukashinda kwa karibu asilimia 80. Binafsi naliona tukio hili kuwa ndugu wa lile la 1892. Miaka mia na ushei imepita, na swali bado ni lile la nani mwenye klabu.

8. "Nil Satis Nisi Optimum" maana yake nini?

Ni Kilatini: hakuna kinachotosha isipokuwa kilicho bora kabisa. Mashabiki wa timu nyingine hupenda kuyatumia kuwatania Everton ikifungwa. Evertonian mwenyewe huyasoma kama dai lake kwa uongozi, ndiyo maana yalipofutwa moto uliwaka.

9. Mbona kabla ya mechi kinapigwa king'ora na muziki wa filimbi?

Muziki ule ni utangulizi wa Z-Cars, tamthilia ya polisi iliyoanza kurushwa na televisheni ya BBC mwaka 1962 ikiigizwa katika mji unaofanana na vitongoji vya Liverpool. Chimbuko la muziki wenyewe ni wimbo wa kale wa watu wa jiji hilo. Everton ilianza kuupiga miaka ileile ya 1960, ikatwaa ubingwa wa 1963, na wimbo ukabaki. King'ora kiliongezwa miaka ya karibuni. Timu zinapotoka huku kinalia na filimbi inafuata, hata anayetazama kwenye skrini ndogo Mwanza anasisimka.

## Makombe na watu

10. Everton imetwaa makombe mangapi?

Ubingwa wa ligi mara 9: misimu iliyoisha 1891, 1915, 1928, 1932, 1939, 1963, 1970, 1985 na 1987. Kombe la FA mara 5: 1906, 1933, 1966, 1984 na 1995. Kombe la Washindi barani Ulaya mara 1, mwaka 1985. Kombe la Ligi halijawahi kufika Everton. Ilicheza fainali zake mwaka 1977 na 1984 na kupoteza zote mbili.

Angalia tena tarehe. Mwaka 1915 Everton ikiwa bingwa, ligi ilisimamishwa kwa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1939 ikiwa bingwa tena, ikaja ya Pili. Mwaka 1985 ikiwa bingwa, ikafungiwa Ulaya kwa kosa lisilo lake (swali la 12). Kuna vikosi vitatu vya Everton ambavyo havikupata nafasi ya kuonyesha mwisho wa uwezo wao, na hilo ni jibu la sehemu kwa wanaouliza kwa nini klabu kongwe namna hii haina makombe mengi zaidi.

11. Ni kweli kuna mchezaji wao aliyefunga mabao 60 katika msimu mmoja wa ligi?

Ni kweli. Ni William Ralph "Dixie" Dean, mzaliwa wa Birkenhead, ng'ambo ya mto Mersey. Everton ilimnunua kutoka Tranmere Rovers mwaka 1925 akiwa kijana wa miaka 18. Mwaka 1926 alipata ajali mbaya ya pikipiki, akavunjika fuvu, na kulikuwa na hofu kwamba hatacheza tena. Msimu wa 1927/28 akafunga mabao 60 katika mechi 39 za ligi.

Alihitaji matatu katika mechi ya mwisho dhidi ya Arsenal ili aivunje rekodi ya mabao 59 iliyokuwa imewekwa daraja la pili msimu mmoja tu nyuma. Alifunga yote matatu, la mwisho kwa kichwa zikiwa zimebaki dakika chache, na mechi ikaisha 3-3. Rekodi hiyo haijavunjwa hadi leo katika madaraja ya juu ya Uingereza, na sioni atakayeivunja: siku hizi ligi yenyewe ina mechi 38 tu.

Dean pia ndiye mvaaji wa kwanza wa namba 9 Everton. Fainali ya Kombe la FA ya 1933 ilikuwa ya kwanza wachezaji kuvaa namba: Everton 1 hadi 11, Manchester City 12 hadi 22. Everton ilishinda 3-0 na Dean akafunga moja. Tangu hapo jezi namba 9 imekuwa ya heshima ya pekee, na kila anayepewa hupimwa kwa kivuli chake. Alifariki dunia Machi 1, 1980, akiwa jukwaani Goodison, akitazama Everton ikicheza na Liverpool.

12. Kwa nini kikosi cha 1985 hakikucheza Klabu Bingwa Ulaya?

Kikosi cha kocha Howard Kendall cha 1984/85 ndicho bora kuliko vyote vya Everton vilivyoonekana kwenye televisheni. Kilitwaa ligi kwa tofauti ya pointi 13. Kiliitoa Bayern Munich kwa 3-1 pale Goodison kwenye nusu fainali ya Kombe la Washindi, usiku ambao wazee wa Everton bado wanauita usiku mkubwa kuliko wote uwanjani hapo. Mei 15 huko Rotterdam kikaifunga Rapid Vienna 3-1 na kubeba kombe. Siku tatu baadaye kikafungwa 1-0 na Manchester United katika fainali ya Kombe la FA, kikiwa kimechoka.

Mei 29 ikatokea Heysel, Brussels. Kabla ya fainali ya Liverpool na Juventus, mashabiki wa Liverpool waliwavamia wenzao, ukuta ukaanguka na watu 39 wakafa. Klabu zote za Uingereza zikafungiwa kushiriki mashindano ya Ulaya, kifungo kilichodumu miaka 5. Everton, bingwa wa Uingereza, ikabaki nyumbani. Ilitwaa ubingwa tena 1987, ikabaki nyumbani tena. Kendall akaondoka kwenda kufundisha Hispania, na wachezaji wakaanza kutawanyika.

Uchungu huo upo mpaka leo. Lakini ni lazima isemwe wazi kwamba waliopoteza kweli ni familia za wale 39.

13. Waafrika gani wameacha alama Everton?

Anayependwa kuliko wote ni Daniel Amokachi, Mnigeria aliyesajiliwa mwaka 1994 baada ya Kombe la Dunia. Aprili 1995, nusu fainali ya Kombe la FA dhidi ya Tottenham, mshambuliaji Paul Rideout aliumia. Kocha Joe Royle alikuwa bado anasubiri kujua kama Rideout ataendelea. Amokachi akajiingiza uwanjani mwenyewe, mabadiliko ambayo kocha hakuwa ameyaagiza, akafunga mabao mawili na Everton ikashinda 4-1. Kwenye fainali Rideout akafunga bao pekee dhidi ya Manchester United, na hilo bado ndilo kombe kubwa la mwisho kwa timu ya wanaume.

Baada yake wakapita Joseph Yobo na Yakubu Aiyegbeni wa Nigeria, Steven Pienaar wa Afrika Kusini, Yannick Bolasie wa Kongo, Doucouré wa Mali (swali la 5), na Wasenegali Idrissa Gueye na Iliman Ndiaye (swali la 16).

14. Rooney ni wa Everton au wa Manchester United?

Alizaliwa Liverpool katika familia ya mashabiki wa Everton na kulelewa na akademi ya Everton. Oktoba 19, 2002, akiwa na miaka 16, aliifunga Arsenal bao la dakika za mwisho lililokatisha mwendo wa mechi 30 za ligi bila kufungwa. Makombe yake yote makubwa aliyapata Manchester United, alikokwenda 2004, na mashabiki wa Everton walichukua muda mrefu kumsamehe. Mwaka 2017 akarudi nyumbani, na jezi ya bluu aliivaa tena kwa mara ya kwanza katika mechi iliyochezwa Dar es Salaam (swali la 20).

## Viwanja

15. Goodison Park ulikuwa na nini cha pekee?

Ulifunguliwa Agosti 1892 na ulitumiwa na timu ya wanaume kwa miaka 133. Ulikuwa umebanwa katikati ya nyumba za mtaa wa Walton, na kona moja ilikaliwa na kanisa la St Luke, lililochomoza kati ya jukwaa na jukwaa. Ukingo wa jukwaa la Bullens Road ulikuwa na vyuma vilivyopishana kama msalaba wa X, kazi ya msanifu Archibald Leitch. Wengi waliukalia uwanja huo nyuma ya nguzo, shingo upande, na hawakutaka kwenda kwingine.

Mechi za Kombe la Dunia 1966 zilichezwa hapo, ikiwemo nusu fainali ya Ujerumani Magharibi na Umoja wa Kisovyeti. Hapo pia Ureno ilitoka nyuma 3-0 dhidi ya Korea Kaskazini na kushinda 5-3, mabao manne yakifungwa na Eusébio, kijana aliyezaliwa jiji ambalo leo ni Maputo.

Mamia ya mashabiki waliomba majivu yao yazikwe pembeni ya nyasi zake, na familia zao zilitekelezewa ombi hilo hadi nafasi ilipokwisha. Ukilijua hili, unaelewa kwa nini mazungumzo ya kuhama yalichukua zaidi ya miaka 20 na kuwagawa watu.

16. Uwanja mpya uko wapi?

Unaitwa Hill Dickinson, uko Bramley-Moore, kwenye gati ya zamani kando ya mto Mersey, na unachukua watazamaji zaidi ya 52,000 badala ya takriban 39,000 wa Goodison. Gati hiyo ilifunguliwa mwaka 1848. Ili kujenga juu yake ilibidi maji yaondolewe na nafasi ijazwe mchanga uliochotwa baharini. Kwenye matofali ya nje utaiona tena ile michoro ya X ya Leitch.

Ujenzi ulikuwa na gharama yake. Julai 2021 UNESCO iliiondoa Liverpool kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, ikiutaja uwanja huu miongoni mwa sababu. Wakazi wengi wa kaskazini mwa jiji wanaona kwamba gati iliyokuwa imekufa bora ifufuke, nami niko upande wao.

Mechi ya mwisho ya wanaume Goodison ilikuwa Mei 18, 2025, Everton ikiifunga Southampton 2-0. Mechi ya kwanza ya ligi katika uwanja mpya ilikuwa Agosti 24, 2025, ushindi wa 2-0 dhidi ya Brighton. Ndiaye alifunga mabao yote mawili ya kuaga, na ndiye aliyefunga la kwanza la kukaribisha.

17. Kwa hiyo Goodison umebomolewa?

Haujabomolewa. Mpango wa awali ulikuwa huo, lakini Mei 2025 klabu ikatangaza kwamba uwanja utakuwa wa timu ya wanawake, ambayo ilianza kuutumia msimu wa 2025/26.

Kuna haki katika uamuzi huo. Desemba 26, 1920, watu wapatao 53,000 waliingia Goodison kutazama mechi ya wanawake kati ya Dick, Kerr Ladies na St Helens, na maelfu wakabaki nje. Mwaka mmoja baadaye chama cha soka kikawapiga marufuku wanawake kucheza kwenye viwanja vya wanachama wake, marufuku iliyodumu karibu miaka 50. Timu ya wanawake ya Everton ina ubingwa wa ligi wa 1998 na Kombe la FA la wanawake la 2010, ilipoifunga Arsenal 3-2. Haikuingia Goodison kama mgeni.

## Watani, fedha na umiliki

18. Kwa nini dabi ya Liverpool huitwa ya kirafiki?

Kwa sababu ndani ya nyumba moja utakuta baba bluu na mtoto mwekundu, na zamani walikaa jukwaa moja. Hao ni watani wa jadi hasa. Uwanjani hakuna urafiki wowote. Dabi hii ina kadi nyekundu nyingi kuliko mechi nyingine yoyote ya Ligi Kuu. Siku za msiba jiji huwa moja. Baada ya maafa ya Hillsborough, Aprili 1989, ambapo mashabiki wa Liverpool walikufa kwa msongamano uwanjani, mashabiki wa pande zote waliunganisha skafu kuvuka Stanley Park, kutoka Anfield hadi Goodison.

19. Kwa nini Everton ilikatwa pointi, na sasa ni ya nani?

Kanuni za Ligi Kuu ziliruhusu klabu kupata hasara isiyozidi pauni milioni 105 kwa kipindi cha miaka mitatu. Chini ya Farhad Moshiri, aliyeingia 2016, Everton ilisajili kwa fujo, ikabadilisha makocha kila mara, na kuvuka kiwango hicho kwa pauni milioni 19.5. Novemba 2023 ilikatwa pointi 10, zikapunguzwa kuwa 6 kwa rufaa Februari 2024. Aprili ikakatwa 2 nyingine kwa kipindi kilichofuata. Hata hivyo ilimaliza ya 15 na pointi 40.

Mashabiki waliandamana wakiinua kadi za rangi ya waridi dhidi ya uongozi wa ligi. Hasira yao ilieleweka, kwa sababu hakuna klabu ya Ligi Kuu iliyokuwa imekatwa kiasi hicho kwa kosa hilo. Lakini kosa lilikuwepo, na waliolifanya walikaa kwenye bodi ya Everton yenyewe. Desemba 2024 klabu ikanunuliwa na Friedkin Group ya Texas, inayomiliki pia AS Roma.

## Everton na Afrika Mashariki

20. Walikuja Dar kufanya nini?

Mei 2017 SportPesa, kampuni ya kubashiri iliyoanzia Kenya, ilitangazwa kuwa mdhamini mkuu wa jezi za Everton. Mashindano yakaandaliwa kwa klabu za Kenya na Tanzania, bingwa akutane na Everton. Gor Mahia ikashinda, ikiifunga AFC Leopards 3-0 fainali.

Julai 13, 2017, ikakutana na Everton kwenye Uwanja wa Taifa, leo Benjamin Mkapa. Rooney alifunga kwa shuti la mbali, Jacques Tuyisenge akasawazisha, na Kieran Dowell akafunga la ushindi, 2-1. Shabiki mmoja aliruka uzio na kwenda kumkumbatia Rooney katikati ya mechi. Novemba 2018 Gor Mahia ilicheza Goodison na kufungwa 4-0. Udhamini ulikatishwa mwaka 2020, kabla ya mkataba kumalizika.

21. Kuna timu ya Afrika Mashariki iliyowahi kuwafunga?

Ipo: Kariobangi Sharks ya Nairobi. Julai 7, 2019, pale Kasarani, mechi iliisha 1-1 na Sharks wakashinda kwa penalti 4-3. Ilikuwa mechi ya kirafiki, lakini Everton ilileta wachezaji wa kikosi cha kwanza na Sharks hawakuogopa jina.

## Maswali ya pembeni

22. Everton ya Chile ina uhusiano na hii?

Ina uhusiano wa jina na mapenzi, si wa umiliki. Mwaka 1909 Everton ilisafiri kwa meli hadi Amerika Kusini, ikacheza Argentina na Uruguay. Mwaka huohuo vijana wenye asili ya Kiingereza wakaanzisha klabu Chile wakaipa jina hilo. Leo iko Viña del Mar na imewahi kuwa bingwa wa nchi. Agosti 2010 timu hizo mbili zilikutana Goodison kwa mechi ya kirafiki, na kuna kundi la mashabiki wa pande zote linaloendeleza undugu huo.

23. Uwanja wa sasa uko mtaa wa Everton?

Hapana. Hata Goodison haukuwa huko, ulikuwa Walton. Mtaa wa Everton umebaki na mnara (swali la 7) na jina.